Kilichokuwa Chini ya Ukuta wa Mwanza

Mpaka asubuhi ile alipoingiza mkono chini ya ukuta, Nicodème Kyabu angeweza kula kiapo kwamba Kamina nzima hakuna mawe yaliyolala vizuri kuliko mawe ya baba mkwe wake. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwashi mkuu wa misheni, na karibu yote aliyoyajua kuhusu kazi yake alifundishwa na mtu mmoja tu, mzee Mwanza.

Kyabu alizaliwa Kinkondja, kwenye ukingo wa Ziwa Kisale, katika ukoo wa wavuvi. Kule nyumba zilisimama juu ya tope, na kila mvua zilipokwisha baba yake aliibomoa ya kwake na kuijenga upya bila manung'uniko, kama mtu anayebadilisha shati. Mwaka wa 1931 Kyabu alifika Kamina kutafuta kazi. Siku ya kwanza alipoliona jengo la mawe karibu na stesheni, alisimama mbele yake akilitazama mpaka mlinzi akamfukuza. Alizunguka akauliza ni nani wanaojenga vitu vya namna ile, watu wakamwelekeza kwa Mwanza, Mluba wa upande wa Kabongo aliyejifunza uashi kwenye makalavati ya reli. Mwanza alimwambia anyooshe mikono, akaigeuzageuza, akasema aje kesho kubeba mawe.

Alibeba mawe miaka miwili kabla ya kukabidhiwa mwiko. Mwanza hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini palipohusu msingi alikuwa haishi kusema. Alimfundisha kwamba ukuta wa nyumba hubeba paa tu, lakini ukuta wa kuzuia udongo husukumwa usiku na mchana. Kiangazi udongo husukuma kidogo. Mvua ikinyesha, udongo hunywa maji, huwa mzito mara mbili, na maji yenyewe nayo husukuma. Kwa hiyo miguu ya ukuta wa namna hiyo lazima ishuke chini, ipite udongo wote unaolainika, mpaka sururu igonge changarawe nyekundu na kutoa sauti. Na upana wa msingi usipungue nusu ya kimo cha ukuta. Kyabu aliyashika maneno hayo kama alivyozishika sala za katekisimu, na mwaka wa 1938 Mwanza alimpa binti yake Delphine.

Ukuta uliosifiwa kuliko yote ulikuwa nyuma ya wodi ya uzazi. Wodi ilijengwa chini ya mteremko, karibu na chemchemi, na nyuma yake mlima ulikatwa ili kupata uwanja. Ukuta ndio uliouzuia mlima usiiangukie wodi: urefu wake hatua arobaini, kimo chake mita mbili na nusu, mawe yamebanana hata kisu hakipiti. Mwanza aliujenga mwaka wa 1936, Kyabu alipokuwa ametumwa Kabongo mwaka mzima kwenye ujenzi wa kanisa. Aliporudi aliukuta umesimama. Aliuliza msingi umekwenda kina gani, na Mwanza akajibu mita moja na nusu. Kyabu hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Sasa ilikuwa Februari ya mwaka wa 1953, na mvua ilikuwa imenyesha wiki tatu. Juu ya ukuta, mbali kidogo kwenye mteremko, misheni ilikuwa inajenga chumba cha upasuaji, na msimamizi wa ujenzi, Mbelgiji aliyeitwa Vermander, alitaka bomba la maji machafu lipite chini ya ukuta. Kyabu alichagua mahali pa katikati, akaanza kuchimba mwenyewe, kwa sababu hakutaka mtu mwingine aguse mawe ya Mwanza kwa pupa.

Alipofika kina cha mkono mmoja, mawe yakaisha.

Alidhani amekutana na jiwe lililochomoza, akasafisha tope kwa kiganja. Halikuwa limechomoza. Lilikuwa jiwe la mwisho. Alilala kifudifudi ndani ya shimo, akaingiza mkono chini ya ukuta, ukapita kiganja, kiwiko, mpaka bega. Kule ndani hakugusa jiwe. Aligusa tope baridi, laini kama uji wa asubuhi, na maji yakaanza kumtiririkia kwapani. Ukuta wote ule, uzito wote ule, ulikuwa juu ya mkono wake, na chini ya mkono wake hapakuwa na kitu.

Alibaki amelala vile vile. Mulumba, mfanyakazi aliyekuwa naye, alimwita mara mbili, kisha akauliza kwa woga kama ameumwa na nyoka. Kyabu akautoa mkono, akamwambia alete sururu ya pili.

Walipima mahali pengine pawili, hatua kumi kushoto na hatua kumi kulia. Kote mkono mmoja, kisha tope. Kyabu akateremsha timazi, ile kamba yenye risasi mwishoni, kutoka juu ya ukuta, akaona kwamba ukuta ulikuwa umeinamia wodi kwa vidole vitatu. Akapanda nyuma yake, akatenganisha majani kwa miguu, akakuta ardhi imepasuka sambamba na ukuta, ufa wa kutosha kuzamisha kiganja, na maji ya mvua yanaingia humo kama kwenye koo. Alikuwa amepita mahali pale mara ngapi? Mamia ya mara. Alikuwa akiutazama ukuta, hakuwahi kuitazama ardhi.

Ndani ya wodi walikuwa wanawake kumi na mmoja na watoto wao wachanga. Kyabu alimweleza mtawa aliyesimamia wodi, Mama Godelieve, naye akamwita Vermander. Msimamizi alikuja na mwavuli, akainama, akaangalia shimo. Alisema ukuta umesimama miaka kumi na saba, umepigwa na mvua za miaka kumi na saba, hauwezi kuchagua kuanguka wiki hii. Bomba lipitishwe na shimo lifunikwe. Kyabu alikuwa na mengi ya kusema, lakini kila neno lilipita kwenye jina la Mwanza, naye hakuweza kulitamka jina lile mbele ya mzungu huyo. Aliomba ruhusa ya siku moja tu. Akapigilia ubao chini ya timazi, akachora mstari pale ncha ilipogusa, akamwonyesha Mama Godelieve, akamwambia kesho asubuhi waangalie pamoja. Kisha akanawa tope, akaenda kwa baba mkwe wake.

Mwanza alikuwa ameketi barazani akisikiliza mvua. Jicho lake moja lilikuwa limekufa zamani kwa chokaa, la pili lilikuwa linaelekea huko. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto. Kyabu alikaa kwenye kigoda cha chini, kama mkwe anavyopaswa.

"Tata," akasema, akimwita baba kama kawaida yake, "leo nilichimba ku ukuta ya maternité."

Mwanza hakugeuza kichwa. "Ulifika wapi?"

"Mukono moja tu. Chini yake iko tope."

Mzee aliivuta fimbo yake karibu, akaiweka magotini. Kyabu alikuwa akitafuta namna ya kuuliza bila kumvunjia heshima, na moyoni alikuwa bado anatumaini kwamba kuna maelezo, kwamba labda aliibiwa saruji, labda walimtuma mwashi mwingine.

"Na mu katikati," Mwanza akasema, "ulichimba?"

"Njo kule nilianza."

"Ulikuta kintu?"

"Kintu gani, Tata?"

"Kisimba," Mwanza akasema. "Kisimba iko mule."

Kyabu alisikia maneno, akayaelewa moja moja, lakini yalikataa kukaa pamoja. Kisimba alikuwa mdogo wake Mwanza. Mwaka ule wa 1936 alimwacha mke wake Florentine, akapanda treni kwenda kwenye migodi ya shaba kusini, hakurudi wala kuandika. Kila mtu alijua hivyo. Florentine sasa alikuwa mfuaji wa mashuka kwenye wodi ileile ya uzazi, na wanawake wenzake walikuwa wakimtania kwamba ndiye mke aliyeshindwa na shaba. Kyabu mwenyewe aliwahi kumsikia Mwanza akisimulia kwamba rafiki mmoja alimwona Kisimba Élisabethville, mji wa migodi, amevaa viatu vipya, anacheka na mwanamke wa huko.

Mzee alisimulia polepole, uso ukiangalia mvua. Kazi ile ilikuwa ya kampuni ndogo ya ujenzi iliyofungwa kabla ya vita, na bwana wao alitaka imalizike kabla ya wakaguzi kuja. Walichimba mtaro wa msingi wote kwa mara moja, hatua arobaini, kina cha mita moja na nusu, katikati ya Januari, bila mbao za kushikilia kingo. Mwanza alisema mbao zinahitajika. Bwana alisema mbao zinasubiriwa. Siku ya tatu Kisimba alikuwa chini anakumba maji kwa ndoo, na Mwanza alikuwa juu na kamba ya kupimia, karibu kiasi cha kuweza kumpa mkono. Ukingo ulishuka bila sauti. Mwanza aliona kofia ya ndugu yake, kisha hakuiona.

Walichimba kwa mikono. Kila walichotoa, tope lilirudisha. Ukingo ulishuka mara ya pili na nusura uwachukue wengine wawili. Jioni ile mtaro ulikuwa umejaa maji na udongo mpaka juu, na bwana alikuja, akautazama, akaamuru ufunikwe. Alimwambia Mwanza kwamba yeye, nyapara, ndiye aliyewaingiza watu shimoni, kwa hiyo nyapara ndiye atakayekwenda jela, yeye na watakaosema. Wafanyakazi sita waliokuwapo walipelekwa kesho yake kwenye kazi nyingine mbali sana. Mwanza alibaki na ukuta wa kujenga.

"Minyi sikuweza kuchimba tena pale," akasema, akijigusa kifua. "Ningelimukuta na sururu. Nikaanzia juu."

"Na ule bwana hakuona?"

"Aliona. Alisema ni muzuri."

Kyabu alirudi nyumbani kwa miguu akiwa ameloa chapachapa, na njiani alipita nyumba yake mwenyewe bila kuitambua, akalazimika kurudi. Kilichomshtua hakikuwa kifo peke yake. Vifo alivijua, kazi yao ilikuwa na vifo. Zilikuwa zile habari za viatu vipya. Mtu aliyemfundisha kwamba jiwe moja lililokaa vibaya ni uongo, alikuwa amekaa chini akafikiria viatu, akavipaka rangi, akampelekea shemeji yake ambaye ni mjane bila kujua. Kyabu alimtazama Delphine akisonga bukari, binti wa mtu yule, na hakusema kitu. Alijiambia atasema kesho.

Asubuhi ncha ya timazi ilikuwa imeuacha mstari. Haikuwa mbali, ilikuwa upana wa nusu kidole, lakini Mama Godelieve alipiga goti kwenye tope na kanzu yake nyeupe, akatazama, akasimama, wala hakumwita Vermander tena. Kabla ya saa sita mchana wanawake wote walikuwa wamehamishiwa kwenye madarasa mawili ya shule. Florentine alifanya kazi ya watu watatu siku ile. Alibeba magodoro, alibeba watoto wawili wawili, na kila alipopita mbele ya Kyabu alimwambia neno la kumtia moyo, kwa sababu aliona uso wake umebadilika akadhani ni woga wa ukuta. Kyabu hakuweza kumtazama machoni.

Siku iliyofuata mvua ilikoma. Jua likatoka kali, ardhi ikaanza kutoa mvuke, mashuka yakakauka kwa saa moja. Watu walianza kumcheka mwashi mkuu kidogokidogo. Vermander alisema kwa upole tu kwamba Jumatatu wanawake watarudi, shule haiwezi kugeuzwa hospitali. Kyabu alimweleza kwamba udongo ulikunywa wiki tatu, hauwezi kuyatoa maji yote kwa siku mbili, na ukuta huu hauna hata tundu moja la kuyatolea. Vermander alisikiliza. Aliitazama mbingu ya bluu, akamtazama Kyabu, akasema Jumatatu.

Jumamosi, yapata saa nne asubuhi, hakuna wingu, Kyabu alikuwa amesimama pembeni ya wodi na Mulumba wakipanga mbao za kuegemeza ukuta. Florentine alikuwa ndani ya wodi akikusanya mashuka ya mwisho. Kyabu alisikia mlio mdogo, kama wa mtu anayetoa mguu kwenye tope. Akatazama juu ya ukuta, mahali ambapo kila mtu angetazama, na juu palikuwa palepale. Chini ndiko kulikokuwa kunatembea. Miguu ya ukuta ilikuwa inateleza kuelekea wodi, taratibu, mawe yakiwa bado yameshikana, hatua kumi na tano za ukuta zikienda pamoja kama meza inayosukumwa na mtu. Kisha mlima ukafuata.

Nyuma yote ya wodi iliingia ndani. Vumbi halikuwa jingi, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeloa. Palikuwa na sauti nzito, kisha kimya, kisha paa likashuka upande mmoja. Kyabu alikimbilia mlango wa mbele akiita jina la Florentine, na wakagongana mlangoni, yeye anaingia, Florentine anatoka, furushi la mashuka kichwani. Alikuwa amefika mlangoni ukuta ulipoanza. Aligeuka akatazama vitanda saba vilivyofunikwa na udongo, akatua furushi chini, akakaa juu yake.

Watu walijaa. Vermander alikuja bila kofia, akatembea mpaka kwenye kitanda cha kwanza, akagusa chuma kilichokunjika. Alimshika Kyabu mkono wa kulia kwa mikono yake miwili. Na watu walipokuwa bado wanahesabu watoto shuleni ili waamini kwamba wote wapo, Mwanza akafika. Habari ilikuwa imemfikia nyumbani, naye akaja kwa fimbo, peke yake, na jicho lake lile moja. Watu wakampisha, maana ulikuwa ukuta wake, wakadhani amekuja kuaibika.

Kyabu alimwendea amshike mkono amwondoe. Mzee akaukataa mkono. Aliuliza Florentine yuko wapi, akaelekezwa, akasimama mbele yake akavua kofia.

"Florentine, mume yako hakukukimbia," akasema. "Minyi njo nilisema uongo. Alikufia hapa, mu fondasio. Minyi nilijenga juu yake."

Wengi hawakusikia vizuri, ikabidi waulizane. Florentine alisikia. Alitazama lile rundo la mawe na udongo mwekundu na mweusi, akatazama mikono yake mwenyewe, kisha akaondoka akielekea nyumbani kwake, akaacha mashuka palepale. Kyabu alipogeuka, alimwona Delphine amesimama nyuma ya watu, ndoo mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Nyumbani alimwuliza mume wake jambo moja tu.

"Na weye, Baba Stani, ulijua?"

Alisema alijua tangu siku nne. Delphine alizihesabu siku zile kwa vidole, moja moja, mbele yake, akimkumbusha walichokula kila siku na walichozungumza. Kisha akaenda kulala kwa watoto.

Waliondoa mawe wiki mbili, na wakati huo Kyabu alichimba mfereji juu ya mteremko ili kuyageuza maji ya mvua yasifike tena pale. Kuhusu msingi wa ukuta mpya, Vermander alimwambia afanye anavyojua. Kyabu akasema hatachimba mtaro mzima. Alichimba vipande vya hatua mbili mbili, kimoja hapa, akaruka, kingine kule, mbao nene kila upande, na kila kipande kilijazwa mawe na saruji kabla ya kufungua cha jirani yake. Ilikuwa kazi ya kobe. Hakuna aliyelalamika. Hakumruhusu mtu kushuka shimoni kabla yeye mwenyewe hajashuka na kuzigonga mbao kwa nyundo.

Mwanza aliletewa kiti, akaonyesha kwa fimbo mahali alipofukiwa ndugu yake. Alikosea kwa hatua mbili. Kwenye kipande cha nne sururu iligonga bati, nalo lilikuwa la ndoo. Kyabu akatupa sururu juu, akaendelea kwa mikono. Alimkuta Kisimba amesimama nusu, ameegemea upande wa ukuta, mkono mmoja juu. Udongo mweusi ulikuwa umekihifadhi hata kishikizo cha chuma cha mkanda wake. Kyabu alikuwa amejiandaa kwa siku ile wiki nzima, na bado alikaa kwenye maji mpaka Mulumba akashuka kumsaidia.

Florentine aliitwa. Alishuka ngazi mwenyewe, alikataa kushikwa. Alikitambua kishikizo. Alikaa naye kule chini kiasi cha kusali rozari moja, ingawa hakuwa anasali, na alipopanda alimwambia Kyabu kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Miaka kumi na saba kila siku minyi nilimutukana. Sasa nitamuambia nini?"

Kisimba alizikwa Ijumaa, padri akasema misa, na watu waliokuwa wakimtania Florentine walibeba jeneza wakitazama chini. Mwanza alisimama mbali, kwenye uzio. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita.

Serikali iliandika habari. Mwanza aliitwa ofisini mara tatu, akasema kila kitu bila kujitetea. Wale wafanyakazi sita, wawili walikuwa wamekufa na wengine hawakujulikana walipo, na bwana wa kampuni alikuwa amerudi Ulaya zamani. Karatasi ziliwekwa mahali. Mwanza alirudishwa nyumbani kwa sababu ya umri wake na macho yake, na Kyabu aliamini kwamba mzee angefurahi zaidi kufungwa.

Ukuta mpya ulimalizika mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua za kwanza. Msingi wake ulishuka karibu mita mbili, mpaka ile changarawe nyekundu inayolia chini ya sururu, na sehemu ya chini iliinamishwa kidogo kuelekea mlima ili ukuta uegemee unakosukumwa. Nyuma yake Kyabu alijaza mawe madogo na vipande vya matofali, kimo chote, maji yapate njia ya kushuka, na kila hatua mbili aliacha tundu la kuyatolea nje. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, alisimama chini yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Matundu yote yalitoa maji. Vermander alikuja na mwavuli akasimama karibu naye, wakayatazama pamoja. Kyabu alikuwa akiwaza jinsi maji yote yale, kila mwaka, yalivyokuwa yakibaki ndani, nyuma ya vitanda.

Aliendelea na kazi miaka mingi, na vijana waliojifunza kwake walimlalamikia kwamba anachimba kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Florentine aliacha kufua mashuka. Alirudi kwao, upande wa Kabongo, akaolewa na mgane mwenye mashamba, na kila mwaka alikuja Kamina mara moja kulifagia kaburi.

Delphine alimpikia baba yake tangu siku ukuta ulipoanguka, asubuhi na jioni, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumpikia. Alimwekea chakula, alimnawisha mikono, alimwongoza kwenye kigoda chake, na miezi kumi na minne hakumwambia neno. Mwanza alikuwa kipofu kabisa kufikia wakati huo, akawa anamtambua kwa hatua zake. Kyabu alishuhudia siku kimya kile kilipokwisha. Ilikuwa wiki baada ya Pasaka. Delphine aliweka sahani, akasimama akimtazama mzee akitafuta mboga kwa vidole, akaonja kwenye sufuria, akauliza kama chumvi inatosha.

Mkono wa Mwanza ulibaki hewani. Alisema inatosha, mwanangu, akaendelea kula.